Fisi na Uji wa Uwatu

Paukwa!
— Pakawa!
Nani kapika?
— Mzazi!
Nani kalamba mwiko?
— Wewe hapo!

Haya, nimekubali, mwiko nililamba. Lakini yuko aliyenizidi. Sogeeni.

Hapo kale, kanzu zikivaliwa hata na wanyama, Bi Fisi alijifungua mtoto wa kike, Semeni. Mtoto mzuri, ila maziwa ya mama hayakutoka. Mtoto akalia, akalia, akalia, mpaka sauti ikawa kama ya panya.

Akaja mkunga, Bi Nungunungu, na kifurushi cha uwatu, mbegu za kuleta maziwa.

"Loweka usiku, pika uji asubuhi, tia asali. Mzazi anywe ungali moto. Mzazi! Umenisikia, Baba Semeni?"

"Nimesikia, mama mkunga. Nina masikio makubwa."

"Na tumbo pia," akasema Bi Nungunungu, akaenda zake.

Kukicha, uji ukanukia nyumba nzima. Bwana Fisi akavuta kigoda. "Nyumba hii mwenye nyumba hula kwanza!" Akanywa sufuria yote. Bi Fisi akaambulia mwiko.

Siku ya pili, uji ukanukia. "Baba Semeni, mtoto anakufa!"

"Mila ni mila, mke wangu. Mwenye nyumba hula kwanza!" Akanywa. Bi Fisi akaambulia mwiko.

Siku ya tatu, mtoto hana hata nguvu ya kulia. "Baba Semeni, nakuomba!"

"Mwenye nyumba hula kwanza!" Akanywa, akacheua, akaenda barazani kwa madume wenzake.

Huko akasimama kuhutubia. "Waungwana! Mwanamume ni…" Mara kanzu ikalowa kifuani, kulia na kushoto.

"Unavuja, sheikh," akasema Ngiri.

Wakati huohuo Bi Fisi akafika, mtoto mgongoni, aje kumshitaki mumewe. Semeni akanusa. Akafumbua jicho moja. Akachupa, akaingia ndani ya kanzu, akadaka ziwa la baba.

"Mtoeni! Ananitekenya! Hi hi hi! Mtoeni!"

Madume wakagaagaa kwa kicheko. Bi Fisi akakalia kigoda cha mumewe, akanyoosha miguu.

"Nyonyesha, mwenye nyumba. Na usiku, mwenye nyumba huamka kwanza."

Akanyonyesha asubuhi, hi hi hi. Akanyonyesha mchana, hi hi hi. Akanyonyesha usiku, na hapo hakucheka, alilia. Kulipokucha akakimbia kwa Bi Nungunungu, kifua kakikumbatia.

"Mama mkunga, nipe dawa ya kukausha!"

"Ya kukausha sina. Nina uwatu. Unajua wa nani?"

"Wa mzazi!"

Akaupika mwenyewe. Akatia asali mwenyewe. Akampelekea mkewe kwa mikono miwili, akageukia ukutani asiuone. Siku ya tatu maziwa ya Bi Fisi yakaja tele, ya Bwana Fisi yakakauka. Semeni akanenepa, shingo isionekane.

Ndiyo maana mpaka leo fisi hutembea kainama, kaficha kifua. Na akikumbuka, hucheka peke yake.

Basi, wanaume wenzangu: dawa ya mzazi ni ya mzazi. Ukubwa wako uache kwenye kigoda.

Hadithi yangu nimeipakua. Ikiwa tamu, kombeni. Ikiwa chungu, ongezeni asali.

Mimi? Nimetembea nchi nyingi, uji wa uwatu wa mke wangu niliuonja mara moja tu, tukiwa Tanga.

Na msiniulize kwa nini joto lote hili nimevaa koti.