Kitundu Alichoacha Daktari

Leo nina habari za fundi cherehani mmoja. Mama wa benchi la mbele, usinitazame hivyo, si wewe! Huyu, mshono ukienda kombo kidogo tu, anafumua gauni zima. Basi akaugua tumbo. Madaktari wakampasua, wakautoa utumbo nje ubavuni, na kwa miezi minane haja yake ikawa inaingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Mnaijua aibu yake? Hata ibadani alikaa karibu na mlango.

Siku ikafika, utumbo ukarudishwa ndani. Kesho yake nesi alipofungua bandeji, daktari akiwa kando, fundi akachungulia. Daktari alikuwa amezungusha uzi na kuikaza ngozi kama mdomo wa mfuko unaofungwa kwa kamba, lakini katikati ameacha kitundu.

"Daktari, kazi haijaisha hii," akasema. "Mimi nikimpa mteja gauni lenye tundu, atanitangaza mtaa mzima."

Daktari akacheka. "Mama, hapo pamepita haja miezi minane. Nikipaziba kabisa, uchafu uliobaki nitaufungia ndani. Acha utoke. Kidonda kitajaa kuanzia chini, kitajifunga chenyewe. Wewe nawa mikono, badilisha kitambaa safi kila siku, basi."

Sasa, harusi ya bintiye ilikuwa wiki tatu mbele. Atavaaje gauni la satini huku tumbo linachuruzika? Alipofika nyumbani akachukua plasta, akavuta kingo, akabana. Akajitazama kwenye kioo. Hapo sasa!

Siku ya tatu, homa. Tumbo jekundu, la moto. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akabandua plasta, usaha ukatoka.

"Mama, umefunga vizuri mno," akamwambia. "Ila umemfungia adui ndani."

Harusini alifika, tena alicheza, polepole, kitundu chake bado wazi chini ya satini, kimefunikwa kitambaa safi. Nilifurahi kumwona, jamani!

Mnacheka? Sisi je? Mwezi uliopita kwaya ya akina mama na kwaya ya vijana waligombana kwa ajili ya sare. Tukawaita hapa mbele. Tukawaambia peaneni mikono, tukapiga makofi, tukaenda kula wali. Nani aliwauliza kinachowauma? Hakuna. Na aliyebandika plasta ile ni mimi, mchungaji wenu.

Leo ninaona nini? Akina mama dirishani kule, vijana ukutani huku, na katikati mabenchi matatu matupu, wakati watu wengine wamesimama nje! Wapendwa, hiyo ni homa.

Kwa hiyo leo sitoi baraka kwanza. Mzee wa kanisa, tuletee viti viwili hapa mbele, kimoja cha akina mama, kimoja cha vijana. Mmoja aseme linalomuuma mpaka liishe, mwenzake asikilize, kisha wabadilishane. Litanuka kidogo. Tusizibe.