Mgeni wa Yavuyavu

Enyi mliokaa, niwapeleke?
— Tupeleke!
Bara au majini?
— Majini!
Basi vuteni pumzi, tunazama.

Kwap!

Sauti hiyo ilisikika usiku mmoja, mara moja tu. Yalikuwa meno ya Mzia, samaki mrefu mwenye taya kama mkasi, yakigongana. Kulipopambazuka, katika kundi zima la ndugu alibaki samaki mmoja, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Akaogelea. Akaogelea. Akaogelea mpaka mapezi yakafa ganzi. Ajifiche wapi? Bahari kuu haina vichaka, jamani.

Mara akaona mwavuli mweupe unapumua. Yavuyavu! Mwili wote ute, hana mfupa, hana jicho, na chini yake inaning'inia minyiri inayowasha kuliko upupu.

"Hodi, bibi!"

"Nani wewe?"

Samaki mdogo akasita. Kwao, wakubwa huwala mayavuyavu, huwatafuna hivi hivi kama kaimati. Akitaja ukoo wake atafukuzwa, na huko nje kuna Mzia. Jina akalimeza.

"Mgeni tu, bibi."

"Mgeni Tu! Mama yako alichoka siku ya kukupa jina?" Yavuyavu akacheka, mwavuli ukatikisika. "Haya. Lakini kwangu haingii mtu mkavu."

"Mkavu? Si tumo baharini?"

"Mkavu wa ute wangu, mwanangu. Jipake kidogo kidogo. Minyiri yangu haina macho, humjua mtu kwa ute."

Akagusa kwa mkia. Aii! Kukawasha. Akagusa kwa ubavu. Kukawasha kidogo. Akagusa kwa paji la uso. Kimya! Akaingia.

Humo ndani akawala chawa waliomganda mwenyeji wake.

"Hapo hapo, mjukuu wangu! Panda kidogo. Hapo! Huyo amenitesa tangu mwezi mchanga."

Ila kila jioni bibi aliuliza, "Ukoo wenu nani?" Jioni ya kwanza, "Kesho, bibi." Ya pili, "Kesho, bibi." Ya tatu, akajifanya amelala.

Asubuhi yake akaja Mzia, sauti tamu kama asali.

"Bibi, shikamoo. Mimi mjomba wa mtoto huyo. Nimekuja kumchukua."

"Si mjomba wangu!"

"Ananikana! Basi muulize wazee wake wanakula nini. Wanawala nyinyi, bibi! Unafuga jino litakalokutafuna."

Minyiri yote ikasimama tuli. Ndani upupu, nje taya. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Yeye alifikiri upesi.

"Mjomba, nisamehe, nimekosa adabu. Mapezi yananiuma, siwezi kutoka. Ingia unichukue. Ingia kwa nguvu, kichwa mbele, kama wanaume wa kwetu!"

Mzia tangu azaliwe hajawahi kungoja mlangoni. Akachomoka kama mshale. Mkavu! Bila tone la ute! Minyiri ikamvaa usoni.

"Mama wee! Jicho langu! Mdomo wangu!"

Akatimua mbio, na wanasema huko aliko bado anatafuta jiwe la kujikunia.

Mgeni akashusha pumzi. Kisha akamgeukia bibi.

"Bibi, alilosema ni kweli. Kwetu wanawala nyinyi."

"Najua."

"Unajua?"

"Uliponigusa na mkia nilionja. Wenzako walimla dada yangu, ladha yao nitaisahau vipi?"

"Na ukaniacha niingie!"

"Wewe ulikuwa na mdomo mdogo, mimi nilikuwa na chawa wengi." Akacheka tena, na minyiri ikalegea, ikamwangukia mgeni mgongoni laini kama nywele. "Ukikua utaondoka, na ukiwa na njaa kaogelee mbali nami. Leo bado mdogo. Kaa. Ila nimechoka kukaa na mtu nisiyeweza kumwita. Nikuiteje?"

Samaki mdogo akahisi mwili wote mwepesi, kama aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Kolekole, bibi," akasema. "Niite Kolekole."

Hadithi imetia nanga. Mwenye usingizi alale, mwenye njaa akaepue chungu.