Adhana ya Hammu Mwokaji

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Maghribi palikuwa na mji mdogo wa milimani ukiitwa Tamzirt. Watu wake walikuwa wachungaji, wafumaji na wakulima wa shayiri, na msikiti wao ulikuwa mmoja. Mji huo ulivamiwa na jeshi la kigeni lililotoka ng'ambo ya bahari. Askari wakaweka kambi ndani ya ngome, wakawalazimisha watu kuwalisha, na jemadari wao akatoa amri kwamba adhana isisikike tena. Alikuwa ameambiwa kwamba katika mji mwingine watu walikusanyika kwa adhana kisha wakawashambulia askari, basi akaiogopa kama mtu anavyoogopa tarumbeta ya vita.

Muadhini wa mji alikuwa Sheikh Maymun, mshona matandiko ya farasi. Amri aliisikia asubuhi, na adhuhuri akapanda mnarani akaadhini kama kawaida yake. Hakuwahi kufika ngazi ya mwisho akishuka, wakamkamata. Wakamtia katika ghala la zamani la shayiri ambalo walikuwa wamelifanya gereza. Siku tatu zikapita, mji uko kimya. Watu wakaswali majumbani kwa kukisia kivuli cha jua, na wengi walilia katika sijda zao.

Sasa palikuwa na mwokaji mikate aliyeitwa Hammu bin Sasi. Alikuwa mchamungu, lakini alikuwa mwoga, na uoga wake ulijulikana mji mzima. Hata kondoo wake wa Idi alimwita jirani amchinjie. Askari walipomwamuru awaokee mikate hakuuliza neno. Aliwaokea asubuhi na jioni.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Jua lilipopinduka, Hammu alikuwa amesimama mbele ya tanuri lake akingoja sauti ambayo alijua haiji. Alieleza baadaye kwamba hakuwa amekusudia jambo lolote. Kimya kile kilimshinda tu kukivumilia. Akapanda juu ya paa, akaelekea kibla, akatia vidole masikioni, akaadhini.

Sauti yake ilikuwa mbaya. Ilikatika katikati ya maneno na kupanda mahali pasipotakiwa. Lakini watu walitoka milangoni, wanawake wakasimama na michi mikononi, na wapo waliocheka huku machozi yakiwatiririka. Alipomaliza, uoga ukamrudia wote kwa mara moja. Akashuka mbio, akashika ubao wake wa kutolea mikate, akaendelea na kazi kana kwamba hakwenda popote.

Askari walisikia sauti lakini hawakujua imetoka paa gani. Wakamkuta mchunga mbuzi mmoja kiwete, jina lake Barhun, ameketi kando ya ukuta wa msikiti, wakamkamata yeye. Wakampeleka kwa jemadari, na mkalimani akamuuliza, "Ni wewe uliyeadhini?"

"Siye mimi."

"Unamjua aliyeadhini?"

"Namjua," akajibu Barhun, "wala sitamtaja."

Jemadari akatangaza kwamba Barhun atapigwa mijeledi arobaini uwanjani kabla ya jua kuzama.

Habari ilipomfikia Hammu, alikaa chini juu ya gunia la unga. Mkewe, Bi Tawus, akaja akaketi karibu naye.

"Mama Yusra," akasema Hammu, "miguu yangu haina nguvu."

"Naiona."

"Barhun hana hatia. Na mwili wenyewe ule ni mifupa mitupu. Mijeledi arobaini hataiweza."

"Ni kweli."

"Mbona huniambii niende?"

"Nikikuambia uende, utakwenda kwa ajili yangu," akasema Bi Tawus. "Na ulipoadhini, hukuadhini kwa ajili yangu."

Hammu akainuka. Bi Tawus akamshika mkono mpaka pembe ya uwanja, kwa kuwa miguu kweli ilikuwa inamkatalia, na hapo akamwachia.

Barhun alikuwa amekwisha kufungwa kwenye nguzo. Hammu akapita katikati ya watu, ndevu zake zimejaa unga, akasimama mbele ya jemadari na kusema, "Mfungueni huyo. Aliyeadhini ni mimi."

Jemadari akamtazama mwokaji wake, akacheka. Akamwambia mkalimani, "Huyu hawezi hata kunitazama usoni. Wenzake wamemlazimisha aje apigwe yeye."

"Hakuna aliyenilazimisha," akasema Hammu. "Na kama huamini, nitakuonyesha."

Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia. Hammu akatia vidole masikioni, akaadhini pale pale mbele ya jemadari na jeshi lake, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ile ile, ikikatika pale pale ilipokatika mchana. Watu walibana midomo wasicheke. Askari aliyekuwa na zamu ngomeni saa ile ya adhuhuri akasogea mbele akasema, "Ndiyo yenyewe. Hapa mjini hapawezi kuwa na mtu mwingine wa namna hii."

Barhun akafunguliwa. Hammu akapigwa kumi, akasamehewa thelathini kwa kuwa alikuja mwenyewe, akatiwa ghalani. Sheikh Maymun akampokea, akamlaza kifudifudi juu ya majani makavu, akampangusa mgongo kwa kilemba chake. Kisha akamwambia kwa upole, "Mwanangu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Lakini ile takbiri ya pili umeivuta mno." Inasemekana Hammu alicheka mpaka mgongo ukamuuma zaidi, na bado hakuweza kujizuia.

Barhun naye hakwenda nyumbani. Aliketi uwanjani mpaka magharibi, akasimama akaadhini, kisha akachechemea mpaka mlango wa gereza akabisha hodi. Mlinzi akafungua.

"Mchana niliwaambia siye mimi, na ilikuwa kweli," akasema Barhun. "Hii ya sasa ni yangu."

Tangu siku hiyo kila adhana ikawa na mtu wake, na kila mtu alijipeleka mwenyewe gerezani. Hapakuwa na aliyejificha wala aliyemsingizia mwenzake. Mhunzi aliyewapigia viatu farasi wa jeshi aliadhini, akaja na kanzu ya akiba chini ya kwapa. Kinyozi akaja. Mchota maji wa ngome akaja. Msaga unga akaja, na mdogo wake akamfuata siku ya pili. Zilipopita wiki mbili ghala lilikuwa limejaa, na swala ya jamaa iliyokuwa ikisimamishwa humo ilikuwa kubwa kuliko ile ya msikitini siku za kawaida. Sheikh Maymun alifungua darasa la tajwidi, kanuni za kusoma Kurani. Wanawake walileta chakula na kukipitisha dirishani, na vicheko vya wafungwa vilisikika mpaka ngomeni, ambako askari walikaa na kiu, ndevu zimewaota, na farasi wao hawana viatu.

Askari mmoja akatumwa kwa Bi Tawus kumtaka aoke mikate ya jeshi. "Usiseme hujui kuoka," akamwambia.

"Najua. Hammu mimi ndiye niliyemfundisha. Nawaokea waliofungwa, ila nyinyi sitawaokea mpaka muwaachie."

Askari akataka kumkamata, kisha akafikiri ghala lilivyojaa, akaondoka na kikapu chake kitupu.

Mwishowe jemadari alikuja gerezani mwenyewe pamoja na mkalimani. Akasimama mlangoni akasema, "Atakayeniapia kwamba hataadhini tena, njia ni hii, aende kwake."

Hapakuwa na aliyeinuka. Jemadari akamtafuta Hammu kwa macho, kwa sababu alimjua kuwa ni mwoga kuliko wote.

"Wewe nakuona unatetemeka. Apa, urudi kwa mkeo."

"Natetemeka, ni kweli," akasema Hammu. "Lakini nikikuapia nitakuwa nimekudanganya. Kesho jua likipinduka, najijua."

"Si ndiyo hii adhana mnayoitana kwayo vitani?"

"Inatuita kuswali. Tukimaliza, mimi hurudi kwenye tanuri langu."

"Na katika swala zenu mnaomba nini? Mnatuombea kufa?"

Mkalimani akamkonyeza Hammu apime maneno yake.

"Tunaomba mwondoke," akasema Hammu. "Kila siku tunaomba hivyo. Mimi huongeza kwamba mwondoke salama, kwa sababu na nyinyi mna mama zenu huko mlikotoka. Lakini kuondoka, tunaomba mwondoke."

Jemadari akamwambia mkalimani, "Mwaka mmoja na nusu niko katika nchi hii. Kila aliyesimama mbele yangu aliniambia kwamba ananipenda. Mtu huyu anatetemeka kwa kuniogopa, na ni yeye wa kwanza kuniambia kweli." Akaamuru mlango uachwe wazi. Amri ya adhana akaifuta siku hiyo hiyo, akisema hajui namna ya kupigana na watu wanaojileta wenyewe.

Wafungwa walitoka karibu na adhuhuri. Vigelegele vilianza nyumba ya kwanza vikapokezana mpaka ya mwisho. Yusra, binti wa Hammu, alimrukia baba yake shingoni akasahau habari ya mgongo wake, na Hammu hakumkumbusha. Sheikh Maymun akapanda mnarani taratibu, kwa kuwa siku za ghalani zilikuwa zimemlegeza magoti. Alipofungua kinywa, mji mzima ulikuwa tayari umesimama chini yake. Msikiti haukutosha, watu wakapanga safu mpaka uwanjani, na ile nguzo ya mijeledi ikawa ndani ya safu, watu wakasimama kulia na kushoto kwake. Jeshi lilikaa miezi saba zaidi, kisha likaitwa kwao. Watu wa Tamzirt wakalitazama likiteremka mlima mpaka vumbi likatulia.

Ndugu zangu, tukiwataja waja wema huwa tunadhani walikuwa watu wasiojua hofu, basi tunajiona tuko mbali nao. Hammu aliogopa kabla ya kuadhini, akaogopa uwanjani, akaogopa mbele ya jemadari, na Mola wake hakumwondolea hofu hiyo. Alimpa neno la kweli alibebe hivyo hivyo alivyo, naye akalifikisha. Tumwombe Yeye atujaalie ndimi zisizosema uongo, hata siku ambayo magoti yetu hayatulii.