Mnunua Salamu Hatazami Mshono

Mnasema "mnunua salamu hatazami mshono" huku mnacheka! Mnajua mnamcheka nani? Haya, kaeni niwaambie methali hiyo ilikotoka, maana ilitoka kwetu Vwawa, na mdomo ulioitoa ni huu wangu.

Kaka yangu, Mwalimu Simkonda, alifundisha jiografia miaka thelathini. Mkewe alipofariki, na watoto wako Dar, akabaki peke yake na simu. Humo mtandaoni akakutana na Festo, muuza tektaiti. Hivyo ni vipande vya kioo cheusi: zamani kimondo kikubwa kiliipiga ardhi, udongo ukayeyuka, ukarushwa juu, ukaganda. Kila mwezi kaka aliagiza kimoja. Mimi nilikaa mtaa wa pili tu, na nilipita kwake Krismasi kwa Krismasi. Ndiyo, niseme ukweli.

Krismasi moja akanionyesha vyote, amevipanga dirishani. Nikakigeuza kimoja. Kinang'aa kama kimelowa, vishimo vyake vyote sawasawa, na mstari mwembamba umekizunguka pembeni. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile.

"Kaka, huu ni mshono wa kalibu! Hizi ni chupa zimeyeyushwa zikamiminwa. Si wewe uliyetuambia tektaiti halisi ina vishimo visivyolingana, ina michirizi, na haina mshono? Mwalimu mzima!"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu cha kwanza."

Hasira zikanipanda. Nikasema huyo tapeli nampigia sasa hivi. Kaka akaikumbatia simu kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, usinifanyie hivyo. Kila asubuhi ananiandikia, 'Shikamoo Mwalimu, umeamkaje?' Nikisema goti linauma, kesho yake ananiulizia goti. Nikiacha kununua, ataacha kuuliza. Wewe uliniuliza lini?"

Nilikaa na lile jiwe la uongo mkononi, nikalia. Aibu ile, wanangu, mpaka leo haijaniachia.

Majirani walipomcheka kwamba katapeliwa uzeeni, niliwajibu kwa maneno hayohayo mnayoyachezea: mnunua salamu hatazami mshono.

Maana asubuhi iliyofuata Krismasi ile nilikwenda kumwamkia. Akafungua mlango, akaniona, akashika mwimo wa mlango.

"Nani amekufa?" akaniuliza.