Maji Yaliyomshtua Namsifueli

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo. Leo nawapeleka kiwandani. Najua wengi wenu mlifikiri nitaanza na shamba au kundi la kondoo, lakini siku hizi watoto wetu wanafanya kazi viwandani, na Mungu huko pia anaingia bila kitambulisho cha getini.

Kulikuwa na kiwanda cha kufungasha mboga, huko milimani kwenye baridi, mahali ambapo karoti zinatoka ardhini nene kama mkono wa mtoto. Mboga zinafika na matope yake, zinamwagwa kwenye karo refu la saruji, na akina mama wamesimama pande zote mbili, mikono ndani ya maji, wanaosha. Maji yale yanawekewa dawa ya kuua vijidudu. Dawa ikipungua, mboga zinaoza kabla hazijafika sokoni. Ikizidi, inachubua mikono ya akina mama na kuharibu mboga. Kwa hiyo kiwanda kikanunua kifaa cha kupima maji. Ni sanduku dogo lenye kioo cha namba, linafungwa ukutani, na kutoka kwenye sanduku waya unashuka mpaka kwenye kijiti cha kupimia chenye ncha ya kioo laini. Kijiti kinakaa ndani ya maji muda wote, na sanduku linakuambia: uchachu wa maji ni huu, dawa ni hii.

Wakamwita fundi aje akifunge. Mfano usio na jina hauingii vizuri masikioni, basi tumwite Fundi Singano. Alikuwa kijana msafi, amesoma, mpole, na kazi yake anaijua. Alipofika aliwasalimu akina mama wote.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba. Karibu kwenye barafu," wakamjibu, wakacheka.

Fundi akaanza kazi. Akatoboa ukuta, akafunga sanduku. Waya wa kijiti akaupitisha mbali na nyaya za umeme mkubwa, maana kijiti kile kinaongea kwa sauti ndogo sana, na umeme mkubwa ukipita jirani unaizima sauti yake. Kila waya akauweka mahali pake, akakaza skrubu moja moja. Kisha akatoa chupa zenye maji maalumu, ambayo uchachu wake unajulikana tangu yalikotengenezwa, akachovya kijiti humo ili kifaa kijue kweli ni ipi. Kifaa kikasoma sawasawa. Akafurahi. Akakishusha kijiti karoni. Namba ya uchachu ikasimama kwenye saba, pale pale panapotakiwa.

Msimamizi wa kiwanda akaja, amevaa koti jeupe na kofia. Akatazama kioo, akampiga fundi begani. "Safi kabisa. Mchana huu nina wageni, wanunuzi wanakuja kukagua. Hiki ndicho kitu cha kwanza nitakachowaonyesha."

Hajamaliza kusema, namba ikaruka. Saba ikawa tisa. Tisa ikashuka nne. Ikapanda, ikashuka, kama mtu mwenye homa anayejigeuza kitandani. Halafu ghafla ikatulia, saba. Wakatazamana. Baada ya kitambo, tena: tisa, nne, nane.

Msimamizi akasema, "Fundi, hiki kitu ni kibovu."

"Hapana, bosi. Nadhani kuna waya umelegea."

Akafungua sanduku lote, akakaza upya. Namba ikaruka. Akabadilisha waya, namba ikaruka vile vile. Akachota maji ya lile karo kwenye ndoo, akaiweka ndoo sakafuni, akachovya kijiti ndani yake. Namba ikasimama kimya. Akakirudisha kijiti karoni, ikaanza kuruka.

Sasa hapo, wapendwa, nisikilizeni. Maji ni yale yale. Kijiti ni kile kile. Ndani ya ndoo kimetulia, ndani ya karo kinatetemeka. Wewe ungesema nini? Kwamba kijiti kina kasoro? Fundi alikuwa na jibu mbele ya macho yake, lakini alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka huwa anatafuta ukimya kabla ya kutafuta ukweli. Jasho lilimtoka kwenye ile baridi. Msimamizi alikuwa anaenda na kurudi, anatazama barabara kama magari ya wageni yameonekana.

"Fundi, unanitia aibu. Fanya ufanyavyo, hiyo namba itulie."

Na kweli njia ya kuituliza ilikuwepo. Vifaa vile vina sehemu ya kuvipunguzia wasiwasi. Unakiambia kifaa: usionyeshe kila unachokisikia, changanya ulichosikia kwa muda mrefu, kisha utuonyeshe wastani. Ina matumizi yake halali, wala siyo dhambi. Fundi Singano akaenda kwenye sehemu hiyo, akaizungusha mpaka mwisho.

Namba ikasimama. Saba. Ikabaki saba.

Msimamizi akapiga makofi. Akina mama nao wakapiga makofi kwa mikono iliyolowa, maji yakarukaruka. Hata fundi mwenyewe akacheka kwa kuona mzigo umemtoka.

Mmoja tu hakupiga makofi. Huyu tumwite Namsifueli, mama mtu mzima, mwembamba, aliyesimama mwisho wa karo karibu na bomba. Alikuwa ametoa mikono yake majini, anavisugua vidole taratibu. Fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake karibu naye. Akamwambia kwa utani tu:

"Pole mama, baridi imekuzidi?"

Namsifueli akatabasamu kidogo. "Baridi nimeizoea, mwanangu. Nilikuwa nakiangalia hicho kijiti chako nikakionea huruma. Mnasema kibovu. Hata mimi wananiambia hivyo hivyo."

"Kwa nini, mama?"

"Si kwa sababu nashtuka! Niko hapa nimetulia, naosha zangu karoti, mara hii pampu ianze kunguruma, vidole vinanisisimka, kama siafu wananitembelea mpaka kwenye kiwiko. Ikizimika, vinaacha. Nimesema, nikaambiwa naogopa maji kama paka. Nikanyamaza. Nina watoto wa kulisha."

Fundi akasimama. Koleo lilikuwa mkononi, akalisahau huko huko mkononi.

"Mama, rudia. Unashtuka lini?"

"Pampu ikianza."

Pampu ile ilikuwa imezamishwa ndani ya karo, hapo hapo anaposimama Namsifueli, inazungusha maji, inajiwasha na kujizima yenyewe. Na namba ilikuwa inaruka na kutulia, inaruka na kutulia. Akakimbia kwenye sanduku, akairudisha ile sehemu ya kutuliza mahali pake. Akasubiri. Pampu ikanguruma. Namba ikaruka.

Akapiga kelele ambayo hakuna aliyetegemea kuisikia kwa mtu mpole kama yule: "Toeni mikono! Mama zangu, wote, toeni mikono majini! Msiguse bomba! Rudini nyuma!"

Msimamizi akaja mbio. "Una wazimu? Wageni wako getini!"

"Bosi, zima umeme wa pampu."

"Wageni, nakuambia—"

"Na mimi nakuambia maji haya yana umeme! Unataka wageni wakute karoti chafu, au wakute maiti?"

Umeme ukazimwa. Wakaivuta pampu kutoka majini. Pale waya wake unapopanda kwenye ukingo wa saruji, ngozi ya waya ilikuwa imelika kwa kusugua, na mtu alikuwa ameizungushia utepe mweusi wa gundi, utepe wenyewe umelowa na kuachia. Waya wa ethi, ule unaoupeleka umeme uliopotea ardhini, ulikuwa umekatika. Na fundi alipofungua boksi la umeme ukutani, akakuta ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja imerukwa kwa kipande cha waya, umeme unapita pembeni bila kuigusa. Swichi ilikuwepo, ila imenyimwa kazi.

"Nani aliifunga hivi?" akauliza.

Kisha msimamizi akavuta kreti tupu, akakaa juu yake, na lile koti jeupe likaburuta kwenye matope.

"Mimi ndiye niliyeagiza," akasema. "Ilikuwa inajikata kila mara. Inatusimamishia kazi. Nikasema, iondoeni, inasumbua."

Wapendwa, mnaona? Swichi ilisema, wakaifunga. Mama akasema, akaitwa paka. Kifaa kipya kilipoletwa, nacho hakikumaliza hata asubuhi moja bila kusema, kikaitwa kibovu, kikanyamazishwa, tukapiga makofi. Mashahidi walikuwa wametosha. Masikio ndiyo yaliyokosekana.

Lakini sikuwaleta kiwandani niwahuzunishe. Yule msimamizi alinyanyuka pale kwenye kreti. Angeweza kumgeukia fundi, angeweza kusema waya ni kazi ya watu wengine. Alimwendea Namsifueli mbele ya wenzake wote, akavua kofia.

"Mama, uliniambia. Nikakucheka. Leo ningekuwa nakuzika. Nisamehe."

Namsifueli akalia, si kwa hasira, ni kwa ule uchovu wa mtu aliyebeba ukweli peke yake na sasa amepata wa kumpokea. "Nimekusamehe, baba. Ila kesho mwingine akikwambia, usimcheke."

"Sitacheka."

Wageni wakaingia. Walitegemea kuona mboga zinang'aa, wakakuta maji ya karo yanamwagwa, pampu iko sakafuni kama samaki aliyevuliwa, na msimamizi ana matope kwenye koti. Hakuwadanganya. Akawaonyesha waya uliolika, akawaonyesha swichi, akawaambia na lile agizo lake. Mmoja wa wale wageni, mama mwenye mvi, akasema, "Tutarudi mkimaliza kutengeneza. Mtu anayetuonyesha kidonda chake mwenyewe, hata karoti zake tunaweza kuziamini."

Ikaja pampu mpya. Waya ukapitishwa ndani ya bomba la plastiki, ethi ikaungwa, na ile swichi ikarudishiwa kazi yake. Fundi Singano hakuigusa tena ile sehemu ya kutuliza. Wakawasha, kwanza bila mtu karibu. Pampu ikanguruma, na namba ikakaa pale pale kwenye saba, haikutikisika. Fundi akapima maji kwa vyombo vyake, akapima bomba, akapima tena. Kisha akasogea pembeni, akamwachia njia Namsifueli. Yule mama akakunja mikono ya sweta, akachovya vidole, akangoja huku amefumba macho. Halafu akayafumbua.

"Aah," akasema. "Maji ni maji tu."

Wakacheka mpaka machozi, wakarudi kwenye karoti.

Sasa sisi.

Mnadhani nimewasimulia habari za umeme? Nani kati yetu hana ndani ya nyumba yake mtu anayeruka kama ile namba? Mtoto aliyekuwa mchangamfu, sasa anajikojolea, anafoka, hataki kula. Tumefanya nini? Tumembadilishia shule. Tumemchapa. Tumemleta hapa kuombewa, na mimi mwenyewe nimeweka mkono juu ya kichwa chake nikasema, "Tulia." Lakini yupo aliyeuliza, huyu mtoto anashtuka lini? Nani akiingia ndani ndipo anatetemeka? Mbona kwa bibi yake anatulia, na nyumbani anaruka? Wapendwa, ndoo imekwisha kutujibu. Mtoto si mbovu. Tazameni maji tulimomzamisha.

Mke wako anayelalamika kila jioni, unasema ana mdomo. Mumeo aliyekuwa anacheka na sasa anakaa nje ya nyumba mpaka giza linaingia, unasema kabadilika. Kijana wa kwaya aliyeacha kuja, tunasema amepoa kiroho. Tuna haraka ya kuona namba zimesimama, kwa sababu wageni wako getini. Tunataka nyumba inayoonekana imetulia. Na utulivu wa namna hiyo unapatikana kwa urahisi sana: zungusha tu, mtu anyamaze. Akinyamaza tunapiga makofi, tunasema Bwana ametenda. Bwana hajatenda! Umeme bado uko majini.

Na tusiwaangalie wengine tu. Wewe mwenyewe uliyekaa hapo, kuna jambo likitajwa moyo wako unaruka. Usiutukane moyo huo. Mungu angekuwa amekuacha, usingesikia kitu. Kushtuka kule ni rehema. Ni yeye anakugonga kabla hujachelewa.

Tena nawaambia kwa furaha: kasoro ile ilitengenezeka. Haikuwa laana ya kiwanda. Ilikuwa waya uliolika, mahali panapoonekana, panapofikiwa na mkono wa mtu akikubali kuzima pampu na kuinama. Nyingi za nyumba zetu ziko hivyo. Hazihitaji muujiza mkubwa kuliko mtu mzima mmoja kuvua kofia na kusema, "Uliniambia, nikakucheka, nisamehe."

Basi leo tukitoka hapa, kila mmoja amtafute yule anayemwita msumbufu. Kaa naye. Zima simu. Usimwambie atulie. Mwulize swali moja tu: "Huwa inaanza lini?"

Halafu nyamaza, umsikilize mpaka mwisho.