Kasuku Aliyeuwahi Ukweli

Aliyeisikia na aisikie tena, na asiyeisikia ategee sikio. Katika mji wa Mahazi alitawala Sultani Jauhar bin Sarahani, na ng'ambo ya ukuta, katika mji wa Kandari, alitawala shemeji yake. Na masultani hao wakafunga mkataba, wakabomoa lango na kufuta ushuru, ili bidhaa na kazi zipite bila kuulizwa. Ngoma zikapigwa hata ngozi zikalegea.

Na katika Mahazi palikuwa na kijana mshona kofia, Shaali, aliyemposa binti aitwaye Salha, na mahari aliitazamia itoke kwenye ncha ya sindano. Kila kofia ilimpatia pishi ya mchele kwa tajiri Zaharani, ambaye kwa pete yake alimfunga jini katika umbo la kasuku. Lango lilipokwisha kubomolewa, kasuku akatua dirishani.

"Ewe fundi, wenzako wa Kandari wamekubali nusu pishi. Ukikataa, kazi itavuka."

Shaali akakubali. Mwezi haujaandama, ndege akarudi: "Wenzako wamekubali kibaba, robo ya pishi."

Akakubali tena. Usingizi ukamhama, na kila bawa lililopiga nje likamshtua. Baba yake Salha akamwita, akamwambia, "Mwanangu, sikufukuzi. Lakini mwezi wa Mfunguo Tatu ukipita bila mahari, nitapokea posa nyingine."

Basi hasira zikampanda, akavuka kwenda Kandari kumtafuta aliyempokonya tonge. Akamkuta bibi kizee, Bi Kauthar, amejikunja juu ya kofia, vidole vimemvimba. Naye alipomwona mgeni mlangoni, kofia ikamwanguka.

"Bwana wangu, kama umetumwa na tajiri, nihurumie, usinishushie tena. Nimekwisha sikia nyinyi wa Mahazi mmekubali kibaba."

"Nani kakwambia, bibi?"

"Kasuku."

Shaali akakaa chini, akamweleza kwamba naye ameambiwa hivyo hivyo juu ya mafundi wa Kandari. Kumbe ndege hakusema uongo hasa, bali aliuwahi ukweli: alilolitangaza asubuhi, kwa hofu yao wenyewe, jioni lilikuwa kweli.

Siku ya ujira wakaketi pamoja kwenye kizingiti cha lango lililobomolewa, na mafundi wa miji yote miwili nyuma yao. Tajiri akaja, kasuku begani, na kasuku akaanza, "Wenzenu wa ng'ambo..."

"Ng'ambo ipi, baba?" akauliza Bi Kauthar. "Sote tupo hapa."

Ndege akageuka huku, akageuka huku, neno likamkwama, na pete ikapasuka kidoleni mwa tajiri. Jini akasimama katika umbo lake, akilia: "Enyi wanadamu, hata mimi sijapata kulipwa!"

Hakuna aliyechoma sindano mpaka masultani, kwa kuona haya, walipoamuru pishi moja kwa kofia, huku na kule. Mahari ikatimia, na Shaali akamwoa Salha kwa shangwe.

Lakini fungate haijaisha, jini akaja dirishani. "Tajiri amepata ndege mwingine, na ameshika njia ya Ghamdani, mji ambao hamjapata kuwaamkia watu wake."

Salha akainuka, hina ingali mbichi, akamwekea Shaali makubadhi miguuni.

"Bwana harusi hatoki ndani, mke wangu. Watu watacheka."

"Na wacheke. Nenda ukafike kabla ya ndege."

Akatoka. Nasi tunamwacha njiani, pamoja na neno hili: jirani usiyemwamkia, bei yake utatajiwa na tajiri.