Dirisha la Juu Kushoto

Mjane mmoja alikuwa na binti mwenye kidonda mguuni, na jirani yake alikuwa pasta. Mjane aliitwa Damari, binti Loisi. Kibanda chao kilikuwa chini ya kilima cha misheni. Kileleni ilisimama nyumba ya pasta, iliyojengwa zamani na Mskoti mmoja kwa mfano wa nyumba za wachungaji wa kwao: mawe ya kuchonga, paa la kuinama sana kana kwamba theluji ingeanguka huku, mlango katikati, madirisha mawili chini na matatu juu. Kulia sawasawa na kushoto, kama uso wa mtu.

Dirisha la juu kushoto halikufunguliwa kamwe. Na watu, midomo haiwawashi bure. Wakasema hicho ndicho chumba cha maombi. Ukisimama chini yake ukainama, ukanong'ona shida yako, pasta huisikia akaibeba kwa magoti. Aliyeanzisha maneno hayo hajulikani, na kijiji kile si cha kukosa kujua.

Damari akasadiki. Kila asubuhi akienda mtoni alisimama pale na ndoo yake. "Baba Pasta, mguu wa Loisi sasa unanuka." Kisha akaenda zake, moyo mwepesi. Mlangoni hakubisha. Mtu wa miguu ya tope akaguse kitasa cha shaba? Ikapita miezi miwili.

Siku moja mfanyakazi wa nyumba ile aliugua, Damari akaitwa kupiga deki. Alipanda ngazi, kitambaa kipya mkononi, maana aliazimia kuanza na chumba kitakatifu. Akafungua mlango wa kushoto. Stoo. Viazi, viti vilivyovunjika, na vumbi ambalo goti halikuwahi kuligusa. Na upande wa mbele, penye dirisha lile, palikuwa na ukuta mtupu. Akaupapasa kwa mikono miwili kama kipofu.

Akashuka mbio, akaokota donge la udongo, akalirusha juu. Halikuvunja kitu. Dirisha lenyewe lilikuwa jiwe, limepakwa rangi nyeusi mfano wa vioo na nyeupe mfano wa fremu, ili tu kushoto kufanane na kulia. Damari akaketi majanini.

Pasta akatoka kwa kishindo kile.

"Baba Pasta, ulijua?"

Alijua. Miaka tisa, akinywa chai sebuleni, aliwaona wakija kuinama pale. Akasema, "Nilijua, mama. Lakini mlikuwa mkiinama vizuri mno, nikaona haya kuwaambia."

Damari akamweleza habari za mguu, kwa mara ya kwanza mbele ya sikio. Pasta akabadilika rangi, akakimbilia gari la misheni, ambalo miezi yote miwili lilikuwa limesimama kando ya mlango. Hospitalini daktari alifunua kidonda cha Loisi, akakifunika tena. Mtoto atapona, akasema, mguu umechelewa.

Loisi sasa hutembelea gongo. Na mlango wa nyumba ile hauna komeo, wala haujawahi kuwa nalo. Basi mguu ule tumdai nani: aliyenyamaza ndani, au aliyenong'onea jiwe hatua tatu kutoka mlangoni?